Chumvi ya Katwe, Jiwe la Tororo na Madai Yasiyosimama

Maelezo haya mmeyasikia. Wengi wenu mliyakariri ili mfaulu mtihani, kisha mkawarithisha watoto: chumvi huyeyuka kwenye maji kwa sababu imeundwa kwa ayoni, mafuta hayayeyuki kwa sababu ni mepesi na yanachukiana na maji, vinavyofanana huyeyushana, moto huongeza myeyuko, jiwe haliyeyuki, na maji yanayong'aa, yakishachemshwa, hayana kitu tena. Hapa Kampala nayasikia darasani, nayasikia redioni, nayasikia kwa wauza vichujio vya maji. Yamekaa pamoja muda mrefu mpaka watu wanayachukua kuwa ni nadharia moja iliyokamilika. Nimeyafuata kwa makini, moja baada ya jingine, na ninawaomba ninyi wasomaji myahukumu kwa kipimo kimoja tu. Anayesema anajua kwa nini vitu huyeyuka awekewe mbele vitu viwili halisi, kisha ataje kitakachoyeyuka na kitakachobaki. Maelezo yakishindwa hapo, kuandikwa kwenye kitabu hakuyaokoi.

Tuanze na uzito. Dai linasema mafuta hayachanganyiki na maji kwa sababu ni mepesi, na ndiyo maana yanaelea. Wanaolitetea wana ushahidi wa macho: mimina mafuta ya kupikia kwenye glasi ya maji, yatapanda juu. Ni kweli, lakini hilo ni jibu la swali jingine. Wepesi unaeleza kwa nini mafuta yako juu na si chini; hauelezi kwa nini yamejitenga. Chukueni ethanoli, ile inayotengenezwa Kakira kutokana na molasi ya miwa, na mafuta ya taa. Lita moja ya ethanoli safi ina takriban gramu 790. Lita ya mafuta ya taa inakaribia gramu 800. Ukizibeba chupa mbili huwezi kuzitofautisha kwa mkono. Ethanoli inachanganyika na maji kwa kiasi chochote, iwe tone au pipa. Mafuta ya taa utayatikisa mpaka mkono uchoke, na ukiiweka chupa mezani ule mstari kati yake na maji utarudi. Klorofomu nayo ni nzito kuliko maji kwa karibu mara moja na nusu, na inajitenga vilevile, ila inakaa chini. Kisha watu walewale watakuambia jiwe haliyeyuki kwa sababu ni zito. Uzito hauwezi kuwa sababu ya jiwe kutoyeyuka wakati wepesi ni sababu ya mafuta kutoyeyuka. Angalau mmoja wa mashahidi hao hasemi kweli, na glasi inaonyesha kwamba ni wote wawili.

Dai la chuki lina sura ya kisayansi zaidi, kwa hiyo linastahili kusikilizwa vizuri. Linasema hivi: molekuli ya maji ina ncha mbili za umeme, upande wa oksijeni ukiwa hasi kidogo na upande wa haidrojeni ukiwa chanya kidogo, molekuli ya mafuta haina ncha hizo, kwa hiyo mbili hizo husukumana. Nusu ya kwanza ni sahihi, tena ni msingi wa kila kitu kitakachofuata. Kwa sababu ya ncha hizo, molekuli moja ya maji inaweza kushikana na jirani wanne kwa vifungo vya haidrojeni. Nguvu ya vifungo hivyo inaonekana jikoni: maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, wakati salfaidi ya haidrojeni, ambayo molekuli yake inafanana na ya maji kwa umbo na ni nzito karibu mara mbili, huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri.

Lakini neno "husukumana" halina ushahidi. Nendeni Ndeeba baada ya mvua, kwenye madimbwi yaliyo mbele ya gereji. Tone la dizeli likianguka pale halikunji mwili na kukimbia maji. Linatanda, linakuwa utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua, likishika maji kwa eneo kubwa kadiri linavyoweza. Kitu kinachosukumwa hakitandi hivyo. Vipimo vya maabara vinasema vivyo hivyo: butani, ambayo ni sehemu ya gesi yetu ya kupikia, ile kidogo inayoingia majini hutoa joto. Joto likitoka, maana yake molekuli zimepata mshiko, na mshiko ni kinyume cha chuki. Kikwazo kiko kwingine. Molekuli za maji zinazoizunguka molekuli ya mafuta haziwezi kushikana nayo kwa vifungo vya haidrojeni, na ili zisipoteze vifungo vyao zinalazimika kujipanga kwa namna chache tu. Zinapoteza uhuru wa kugeuka. Wanakemia huuhesabu uhuru huo kwa jina la entropia, na hasara yake ndiyo inayoyarudisha mafuta juu. Shikeni jambo hili la uhuru, kwa sababu maelezo tunayoyapinga hayalitaji hata mara moja, na ndilo litakaloamua kesi inayofuata.

Kesi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote: misombo ya ayoni huyeyuka, isiyo ya ayoni haiyeyuki. Niliweke dai hili kwa nguvu zake zote. Chumvi ya mezani ni fuwele ya ayoni za sodiamu zenye chaji chanya na za kloridi zenye chaji hasi. Maji yanaigeuzia sodiamu upande wa oksijeni na kuigeuzia kloridi upande wa haidrojeni, yanazing'oa ayoni moja moja na kuzizingira. Maelezo hayo ni sahihi kwa chumvi. Kosa ni kuyafanya sheria.

Shahidi wa kwanza anatoka Ziwa Katwe, wilaya ya Kasese, ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ziwa liko kwenye shimo la volkano na halina mto unaotoka. Chemchemi zinaleta madini, jua linaondoa maji, madini yanabaki. Ufukweni watu wamechimba mabwawa madogo yaliyogawanywa kwa udongo na miti. Wanawake na wanaume wanaingia humo wakiwa na maji ya chumvi kwenye ngozi, wanakomba chumvi, na wengine wanavunja mwamba wa chumvi kwenye sakafu ya ziwa kwa vyuma. Mvua ikinyesha kupita kiasi, kilichokusanyika kwenye bwawa kinarudi majini na kazi inaanza upya. Ndani ya maji hayo hamna kloridi ya sodiamu peke yake. Mna salfeti ya sodiamu, na mna kabonati ya sodiamu kwa wingi.

Shahidi wa pili ni chokaa ya Tororo na Hima, inayosagwa kuwa saruji tunayojengea mji huu. Hiyo ni kabonati ya kalsiamu. Angalieni majina: kabonati ya sodiamu, kabonati ya kalsiamu. Zote mbili ni za ayoni, na ayoni hasi ni ileile. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 inayeyusha zaidi ya gramu 200 za ile ya Katwe. Ile ya Tororo, katika maji safi, haifiki hata gramu moja: ni kama gramu 0.014. Tofauti ni zaidi ya mara elfu kumi kati ya vitu viwili ambavyo dai linaviweka kwenye kapu moja na kuvitabiria jambo moja.

Watetezi wa dai wana jibu, na nimelisikia mara nyingi: kalsiamu ina chaji mbili, kwa hiyo fuwele yake imefungwa kwa nguvu kiasi cha kuyashinda maji. Jibu hili linaonekana imara mpaka lipimwe. Kwanza, chaji mbili zenyewe hazitoshi. Salfeti ya magnesiamu, ile chumvi chungu ya maduka ya dawa, ina chaji mbili pande zote, na lita moja ya maji inapokea takriban gramu 350 zake. Salfeti ya bariamu ina chaji zilezile, na lita moja inapokea kama miligramu mbili na nusu. Kinachotofautiana ni ukubwa wa ayoni. Magnesiamu ni ndogo, maji yanaikaribia sana na kuishika kwa nguvu kubwa. Bariamu ni kubwa, na mshiko wa maji unalegea. Salfeti ni kubwa mno, hivyo kubadilisha magnesiamu kwa bariamu kunabadilisha uimara wa fuwele kidogo kuliko kunavyobadilisha mshiko wa maji. Anayetazama fuwele peke yake hawezi kuliona hilo kamwe.

Pili, na hapa ndipo dai linapoanguka kabisa, hesabu ya nishati yenyewe inakwenda kinyume. Kuvunja fuwele ya moli moja ya chumvi ya mezani, yaani gramu 58 na nusu, kunahitaji takriban kilojuli 787. Maji yanapozishika ayoni hizo yanarudisha takriban 783. Hesabu haifungi: zinapungua karibu kilojuli nne, na chumvi inazichota kutoka kwenye maji kwa kuyapoza kidogo. Yaani chumvi huyeyuka ingawa inapata hasara ya nishati. Kabonati ya kalsiamu inafanya kinyume chake: kile kidogo kinachoyeyuka hutoa joto, takriban kilojuli kumi kwa moli. Kwa hesabu ya nishati peke yake jiwe la Tororo lingeyeyuka na chumvi ya mezani ingebaki. Ninyi waamuzi, linganisheni maneno "fuwele imefungwa kwa nguvu kiasi cha kuyashinda maji" na kipimo hicho. Maji hayakushindwa kwa nguvu. Yanazishika ayoni za kalsiamu na kabonati kwa nguvu ya kutosha kulipia gharama yote ya kuivunja fuwele na kubakiza ziada.

Basi kwa nini Mlima Tororo na vilima vyake vya chokaa havijaishia mtoni? Kwa sababu ya uhuru uleule tuliouona kwenye mafuta. Ayoni yenye chaji mbili inakusanya molekuli za maji kuizunguka na kuzibana kwa ukali mpaka haziwezi kugeuka wala kutembea kama awali. Fuwele imevunjika, hilo linaongeza uhuru. Lakini maji mengi yamefungwa, na hilo linaupunguza zaidi. Kwa chumvi ya mezani, yenye chaji moja moja, kubana huko ni kudogo, na uhuru wa ayoni kutawanyika unazidi ile hasara ya kilojuli nne. Hesabu ya kuyeyuka ina gharama ya kuvunja fuwele, ina gharama ya kuyapanua maji, ina mapato ya mshiko mpya, na ina uhuru uliopatikana na uliopotea. Dai la ayoni limesoma mstari mmoja wa hesabu hiyo na kutangaza jumla.

Upande wa pili wa dai, kwamba visivyo vya ayoni haviyeyuki, hauhitaji muda mrefu. Sukari haina ayoni, na lita moja ya maji inapokea karibu kilo mbili. Urea haina ayoni, na lita moja inapokea zaidi ya kilo moja. Yeyote aliyenunua urea kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village na kuikoroga kwenye ndoo anajua kwamba ndoo inakuwa baridi mkononi: hapo tena kitu kinayeyuka huku kikichota joto badala ya kulitoa.

Dai la kufanana ndilo bora kuliko yote. Linasema vyenye ncha huyeyusha vyenye ncha, visivyo na ncha huyeyusha visivyo na ncha. Mwanafunzi akilikumbuka hili atapata majibu mengi sahihi, na nakubali kwamba kwa sukari, ethanoli na mafuta ya taa linafanya kazi. Lakini jambo linaloelekeza kwenye jibu mara nyingi si lazima liwe sababu. Lipeleke kwa glukosi, wanga na pamba. Glukosi inayeyuka kwa mamia ya gramu kwa lita. Wanga wa mahindi ni glukosi iliyounganishwa kwa minyororo. Kwenye maji baridi unatuama chini ya bakuli, kwenye maji ya moto unavimba na kuyashika maji mpaka tunapata uji. Pamba, ambayo karibu yote ni selulosi, nayo ni minyororo ya glukosi. Shati la pamba utalifua miaka kumi, kwa maji baridi na ya moto, na halitageuka uji. Kila kipande cha selulosi kina vikundi vitatu vya haidroksili, vilevile vinavyoifanya glukosi ipendwe na maji. Kwa kufanana, pamba inafanana na maji kama wanga unavyofanana nayo. Tofauti ni namna minyororo ilivyounganishwa: ya pamba imenyooka, inalala sambamba na kushikana yenyewe kwa yenyewe kwa vifungo vingi kiasi kwamba maji hayana nafasi ya kuingia. Kufanana kunatueleza kwamba maji yangeweza kuishika pamba. Hakutuelezi kwamba pamba imeshajishika yenyewe.

Na kufanana kwenyewe hakuna mpaka unaoonekana. Ethanoli yenye kaboni mbili inachanganyika na maji bila kikomo. Butanoli yenye kaboni nne inaishia karibu gramu 75 kwa lita. Heksanoli yenye sita, kama gramu sita. Oktanoli yenye nane, nusu gramu. Zote ni alkoholi, zote zina kikundi kilekile mwishoni. Ni wapi kwenye ngazi hiyo ambapo "kinachofanana" kimegeuka kuwa "kisichofanana"? Hakuna anayeweza kuonyesha, kwa sababu kila kaboni inayoongezwa inaongeza eneo ambalo maji lazima yajipange kulizunguka, na mizani inainama kidogo kidogo.

Kisha kuna Ziwa Kivu, upande wa pili wa mpaka wetu, kati ya Rwanda na Kongo. Methani haina ncha hata kidogo. Kwa dai la kufanana haina nafasi majini. Chini ya ziwa lile zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dayoksaidi, na tangu katikati ya muongo uliopita mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiyavuta maji ya kina ili methani itoke na kuchomwa kuzalisha umeme. Kinachoishikilia ni shinikizo la mamia ya mita za maji. Maji yanapopanda bombani shinikizo linapungua, na gesi inatoka kwa mapovu. Neno shinikizo halimo kabisa kwenye maelezo tunayoyajadili. Watu wapatao 1,700 walikufa mwaka 1986 kando ya Ziwa Nyos, Kameruni, gesi iliyokuwa imeyeyuka chini ilipotoka kwa ghafla. Ninalitaja hilo kwa sababu mamilioni ya watu wanaishi kandokando ya Kivu, na kuwafundisha watoto wao kwamba gesi isiyo na ncha haiyeyuki ni kuwanyima maarifa kuhusu ziwa lao wenyewe.

Joto, wanasema, huongeza myeyuko wa kila kitu, na anayekoroga sana hupata zaidi. La kukoroga nalipita haraka: kukoroga na kusaga huongeza kasi, hakuongezi kiasi. Chai iliyoshiba sukari imeshiba. La moto lina ukweli kwa sukari, ambayo kwenye maji yanayochemka huyeyuka zaidi ya mara mbili ya kiasi cha maji baridi. Chumvi ya mezani karibu haijali: gramu 36 kwa mililita 100 kwenye joto la kawaida, 39 kwenye maji yanayochemka. Chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka kuta, inarudi nyuma: gramu 1.7 kwa lita kwenye nyuzi 20, na chini ya gramu 0.7 kwenye nyuzi 100. Salfeti ya sodiamu, iliyomo kwenye maji ya Katwe, inafanya mambo mawili kinyume: myeyuko wake unapanda kwa kasi mpaka nyuzi 32, halafu unaanza kushuka. Sheria inayosema "kila kitu" imepewa misombo minne na imepatia miwili, mmoja kwa shida.

Gesi zinalivunja dai hilo zaidi, na athari yake tunaiona ziwani. Maji yenye nyuzi sifuri, usawa wa bahari, hushika miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 25 hushika 8.3. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kiasi kinapungua tena. Samaki wetu wanaishi kwenye akiba ndogo tangu mwanzo. Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara waliokufa walitapakaa kwenye fukwe za Victoria na Kyoga, na serikali ikaeleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini. Wako waliodai samaki wametiliwa sumu. Mtu aliyefundishwa kwamba maji ya uvuguvugu hushika kila kitu kwa wingi zaidi hana namna ya kuelewa jinsi ziwa la joto linavyoweza kuishiwa pumzi.

Inabaki jozi ya mwisho ya madai, na ndiyo inayonigusa zaidi kwa sababu inafika kwenye vikombe vya watu. La kwanza linasema jiwe haliyeyuki, na kisichoyeyuka hakina madhara wala faida. Hili linachanganya maji na maji safi. Mvua inayopita kwenye udongo inachukua kaboni dayoksaidi, inakuwa na asidi kidogo, na chokaa isiyoyeyuka inayeyuka: hapo ndipo zilipotoka nguzo za mawe zinazoning'inia kwenye mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru karibu na Fort Portal, chokaa iliyosafiri na maji kisha ikaachwa tone kwa tone gesi ilipotoka. Fosfeti ya vilima vya Sukulu, Tororo, ina rutuba ambayo mahindi yanaihitaji, lakini katika hali yake ya mwamba mizizi haiipati. Ikichanganywa na asidi ya salfuriki inakuwa mbolea inayoyeyuka, na kazi hiyo ilifanyika Tororo tangu miaka ya 1960. Fosfeti ya Minjingu, Tanzania, husagwa na kumwagwa moja kwa moja kwenye mashamba yenye udongo wa asidi, kwa sababu udongo wenyewe unafanya kazi ya kiwanda. Jiwe lile kwenye udongo usio na asidi litakaa tu.

Hatari nayo inafuata njia hiyohiyo. Mgonjwa anayepigwa eksirei ya utumbo hunyweshwa salfeti ya bariamu, na inatoka kama ilivyoingia, ingawa bariamu ni sumu. Kabonati ya bariamu nayo haiyeyuki kwenye glasi ya maji. Kwa kigezo cha dai hili zote mbili ni salama sawasawa. Lakini asidi ya tumbo inaiyeyusha kabonati, ayoni za bariamu zinaingia kwenye damu, na ndiyo maana iliwahi kutumika kama sumu ya panya. Anayeuliza kama kitu kinayeyuka bila kusema kinayeyuka katika maji gani, yenye asidi kiasi gani, amepewa ruhusa ya kukosea kwa gharama ya mtu mwingine.

La pili ni kwamba maji yanayong'aa, yakichemshwa, ni safi. Kuhusu vijidudu sina ubishi: chemsheni, na msiache kuchemsha. Lakini dai linasema "hayana kitu", na kitu kilichoyeyuka hakionekani kwa sababu kimegawanyika hadi ayoni na molekuli moja moja. Mng'ao unathibitisha tu kwamba hakuna chembe kubwa. Pampa maji ya kisima cha pampu ya mkono chenye chuma nyingi, huko Wakiso au kwingineko. Jerikani inajaa maji meupe kama kioo. Iache usiku kucha. Asubuhi maji ni ya rangi ya kutu na kuna matope mekundu chini, na hakuna aliyeingiza kitu. Chuma ilikuwemo tangu jana, katika ayoni yenye chaji mbili inayoyeyuka. Oksijeni ya hewa imeigeuza kuwa yenye chaji tatu, ambayo haiyeyuki, na sasa mnaiona. Maji yalikuwa na chuma ileile yalipong'aa na yalipochafuka.

Chuma angalau hujitokeza. Naitreti haijitokezi. Karibu naitreti zote huyeyuka, hazina rangi, hazina harufu, haziachi gamba kwenye birika. Chemchemi za mabondeni mwa Kampala, kwenye makazi yaliyobanana na vyoo vya shimo, zimepimwa mara nyingi na kukutwa nazo, na kwa mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo naitreti inaweza kuiharibu damu isibebe oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita. Tuseme maji ya chemchemi yana miligramu 45. Mama anaweka lita tano jikoni, anayaacha yachemke sana kwa kuwa ameambiwa kadiri yanavyochemka ndivyo yanavyosafika, na zinabaki lita nne. Mvuke umeondoka na maji peke yake. Miligramu 225 zilizokuwa kwenye lita tano sasa ziko kwenye lita nne, yaani 56 kwa kila lita. Maji yaliyowekwa jikoni yakiwa chini ya ukomo yameondolewa jikoni yakiwa juu yake, na yanang'aa vilevile.